Kwa dada yangu aliye Uingereza: Siku ya Watanga mtamwalika nani?

Dada yangu, mtoto wa shangazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale hasira zilipokukaba ukaanza kukohoa. Kwamba kila Desemba 9, Siku ya Uhuru wa Tanganyika, mnakodi ukumbi, bendera zinatundikwa, lakini nyinyi Watanga mnaishia jikoni huku wengine wakisoma hotuba. Na kwamba safari hii mnataka kujitoa, mfanye Siku ya Watanga peke yenu. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wanakamati wenzio nao watasoma.

Kupika pilau la ukumbi mzima halafu usitajwe hata kwenye shukrani kunauma. Hilo lidai, tena kwa sauti. Ila hiyo Siku ya Watanga ndiyo inayonipa tabu.

Umenitajia wenyewe: Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju, Wazigua. Sawa. Sasa yule fundi wa Ngamiani aliyekushonea sare ya shule, ambaye baba yake ni Muha wa Kigoma, mtamweka wapi? Mama wa vitumbua pale Makorora ni Mmakonde, babu yake alivuka Ruvuma kuja kukata mkonge. Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetuchapa mpaka tukahitimu juzuu, alikuwa Mngazija. Wote hao hawamo kwenye hesabu yako, na bila wao mimi na wewe tusingekuwa na utoto wa kusimulia.

Tanga imejazwa na kazi, dada. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa, na mwaka huo huo mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, akaagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mashamba yalipotanuka mpaka Muheza na Korogwe, wenyeji wengi hawakuitaka kazi ile. Walikuwa na minazi na mihogo yao, wakachomwe na miiba ya nini? Ndipo wakaletwa manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Njombe, Songea, Burundi na Msumbiji. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao kabisa ya kusaka watu, SILABU. Mtu anapewa kipande, yaani kadi ya kazi, anahesabiwa siku zake, mkataba ukiisha arudi kwao. Wengi hawakurudi. Sisi tunaojisifu kwa "waja leo waondoka leo" tumezungukwa na wajukuu wa watu waliokataa kuondoka.

Hata huyo mnayemtaja kila mkitaka kujivuna, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Asili ya wazazi wake ni Wayao, naye akajiita Mswahili. Uhuru wenyewe aliuishi nusu mwaka tu, akafariki Juni 1962. Kwa kipimo chenu angekaa mlangoni akisubiri kuulizwa kabila.

Halafu usidhani huku Desemba 9 tunacheza ngoma kutwa. Wengi wetu tunatazama gwaride kwenye televisheni, likiwapo. Mwaka 2015 Rais Magufuli alilifuta, tukashika mifagio na makoleo kuzibua mitaro. Mwaka 2022 Rais Samia naye aliamua fedha za sherehe ziende kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na sikusikia mtu hapa mtaani akilalamika. Mimi binafsi nilifurahi. Hotuba za juani sijawahi kuzipenda.

Kwa hiyo bakini ukumbini, ila msibaki kimya. Pilau kila mtu anapika. Safari hii songeni bada la muhogo na mchuzi wa papa, wajue mmefika. Mdumange ya Wasambaa ichezwe, na sindimba ya Wamakonde ifuatie jukwaa hilo hilo, maana vyote viwili ni vya kwetu. Watoto wenu wakiuliza Mmakonde kafikaje Tanga, hapo ndipo pa kuwasimulia mkonge, badala ya kuwakaririsha majina ya mikoa.

Na mwenyekiti wenu mwambie hivi: mwaka huu Watanga ndio washereheshaji, hotuba ni mbili na fupi, na sufuria zitaoshwa na wanaume. Akigoma, nitumie jina lake. Barua inayofuata itakuwa yake.

Nduguyo,
Tanga