Barua kwa mwanangu: kosmosi zimelala

Nkuhungu, Dodoma
Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mbegu za maua ulizoomba, zinia na kosmosi, za kupanda mbele ya nyumba yako huko Manyoni zinakuja na basi la Jumamosi, kwenye bahasha ya kaki. Ila kwanza nikusimulie ya Jumanne, usije ukarudia ujinga wangu.

Saa kumi jioni wingu lilitanda upande wa Mlimwa. Ukaanza upepo na lile vumbi jekundu unalolijua, mara mvua, mara mawe yanapiga bati hata redio haisikiki. Nikachukua ndoo nijifunike kichwa, nikimbilie miche. Baba yako akanishika mkono, akaniuliza kama nina akili timamu. Haikufika nusu saa. Tulipotoka, bati la banda la kuku tulilikuta kwa jirani, na kosmosi zangu zote zimelala upande mmoja, kama watoto kwenye mkeka mmoja.

Kosa ni langu. Kila tuta nilimwaga samadi ya mbuzi ndoo mbili, nikijiona mtaalamu. Kosmosi ukizishibisha hurefuka majani tupu, shina laini kama mlenda, upepo ukija hazina la kujishikia. Zile zilizojiotea kando ya choo, kwenye kichanga kitupu, zimesimama zinanitazama tu. Samadi wape mchicha.

Zinia zimenusurika. Zilipofika majani sita nilizikata ncha (ulinigombeza kwenye simu, unakumbuka?), zikatoa matawi, zikawa fupi na nene. Mawe yamezichana majani, basi. Usiku ule nilitamani kwenda kuzinyanyua kosmosi zilizolala, lakini udongo ukiwa tope ukiukanyaga unashindiliwa na mizizi inakosa hewa. Nilingoja asubuhi ya pili. Nikachomeka fito, nikafunga kwa vipande vya kanga kuukuu, kwa kulegeza, maana ukikaza shina linajikata lenyewe. Kisha nikavunja lile gamba linaloganda juu ya udongo wetu mvua ikishapiga. Kosmosi zaidi ya nusu zimeinua vichwa. Zilizovunjika nimempa mbuzi.

Wewe usihangaike na miche ya kwenye makopo. Mwaga mbegu palepale tutani, ufukie kidogo tu. Zinia huchomoza ndani ya wiki. Kule maji yanakotokea chimba mtaro uyakinge, maana mvua zetu hazinywei ardhini, zinakimbia. Funika tuta kwa nyasi kavu, matone yasirushe tope kwenye majani. Na usichelewe: zinia hutaka kama miezi miwili hadi zichanue, na sisi msimu wetu ni mmoja, Aprili mvua inaaga. Februari ikikatika katikati, kama ilivyo tabia yake, mwagilia asubuhi, shinani, si majani. Zinia zikilala na maji majanini zinapata ugonjwa wa madoa.

Kuku wa jirani zako siwezi kukusaidia. Weka miiba.

Kifurushi chenye uzi mwekundu ni zinia, cheupe ni kosmosi. Kile kisicho na uzi nimesahau ni nini, panda tuone. Baba yako anakusalimu, yuko juu ya banda anapigilia lile bati lililopinda.

Mama yako