Tanuru la fezi tatu, nyumba ya njia moja

Mfinyanzi akipata tanuru la umeme la fezi tatu (njia tatu za umeme) lililotumika, hasa yale yanayotolewa kwenye shule za Uingereza, swali linalotufikia ni lilelile: "Fundi, nyumbani nina LUKU ya njia moja. Litawaka?"

Kuwaka litawaka. Koili yoyote ukiipa umeme itapata joto. La kuuliza ni kama litafika nyuzijoto 1,000, na likifika, mein switchi yako itakuwa katika hali gani.

Tuchukue tanuru la kilowati 9. Koili zake zimegawanywa makundi matatu, kila fezi na kundi lake, na kila waya unabeba ampea 13 hivi. Kama makundi yamefungwa kwa stari, yaani kila moja kati ya fezi yake na nyutro, kila moja linapokea voti 230, umeme uleule ulio nyumbani kwako. Hapo koili hatuzigusi. Tunaunganisha makundi yote sambamba kati ya laivu na nyutro, basi. Lakini mzigo uliogawanywa mara tatu sasa umerundikana kwenye waya mmoja: ampea 39, kwa saa nane au zaidi bila kupumzika. Soketi ya kawaida mwisho wake ni ampea 13, kama kilowati 3. Kwa hiyo tunavuta laini ya peke yake kutoka mein switchi, kwa kawaida waya wa milimita 10 za mraba na breka ya ampea 50, na siku ya kuchoma hita ya maji na jiko la umeme vinapumzika.

Delta, yaani kila kundi limefungwa kati ya fezi mbili, ni habari nyingine. Kundi lililozoea voti 400 ukilipa 230, nguvu inashuka hadi theluthi. Zile kilowati 9 zinabaki 3. Tanuru litashinda limewaka, uniti zinaisha, na vyungu havijaiva. Kwa hali hiyo hatuna ujanja mwingine zaidi ya kusokota koili mpya.

Utajuaje ni ipi? Kibati cha nyuma mara nyingi kinasema voti 415, fezi tatu, kisha kinanyamaza. Na hata kikisema, huwezi kujua nani alilifungua miaka ya katikati. Sisi tunazima, tunachomoa nyaya za koili, tunapima kila kundi kwa mita. Kundi la kilowati 3 la voti 230 linasoma omu (kipimo cha ukinzani) 17 au 18. La voti 400 linasoma karibu omu 53. Tofauti hiyo haina ubishi. Kipimo kikizidi kile cha kiwandani kwa asilimia 10, koili zimechoka, na ni nafuu kuzibadilisha wakati tanuru liko wazi. Tafadhali usizivute mwenyewe kuzirudisha kwenye mfereji wake wa tofali: koili iliyokwisha kuchomwa, ikiwa baridi, inakatika kama tambi mbichi.

Matanuru ya Marekani mengi ni ya fezi moja, ila yana vituko vyake. La voti 240 linafanya kazi hapa, limepungukiwa nguvu kwa asilimia 8 tu. La voti 208 linazidishiwa kwa asilimia 22, na koili na releyi zake (swichi zinazowasha na kuzima koili) hazitadumu. La voti 120 usilichomeke kabisa, maana nguvu yake itazidi mara tatu na nusu. Halafu kuna ile saa ya usalama yenye mota, iliyoundwa kwa umeme wa hezi 60. Kwetu ni hezi 50, kwa hiyo inatembea polepole: uliyoitega izime baada ya saa 20 itazima baada ya 24. Tunaitoa, tunaweka kidhibiti cha kisasa chenye themokapo, waya wa kupimia joto la ndani.

Wapo wanaotuomba tupunguze tanuru la kilowati 9 liwe la 6, ili livute ampea 26 na nyumba iendelee na mambo yake. Kwa vyungu na vigae vya nyuzi 1,000 tunakubali. Anayetaka kupandisha udongo wenye kaolini (udongo mweupe) ya Pugu hadi nyuzi 1,250 tunamwambia aombe njia tatu TANESCO, hata kama sisi tunakosa kazi ya kubadilisha. Umeme wenyewe jioni unashuka. Ukifika voti 200, tanuru la voti 240 linatoa chini ya asilimia 70 ya nguvu yake, na ukilipunguza tena unalifunga miguu. Washa alfajiri.

Kuhusu gharama, mchomo mmoja wa tanuru la kilowati 9 unaweza kula uniti 50 au zaidi. Kama uko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, hesabu kwamba utaiaga.

Mambo mawili hatujadiliani. Swichi ya mlango inayokata umeme ukifungua tanuru hairukwi kwa kuunganisha waya; hata kama imeharibika, tunaweka mpya. Na tanuru kuukuu lenye kamba nyeupe yenye nyuzinyuzi mlangoni usilikwangue wala kulifagia, kwa kuwa huenda ni asbesto.

Kabla hujalipia usafiri wa tanuru, tutumie picha ya kibati, ya nyaya zinapoingilia, na ya mein switchi yako ikiwa wazi. Kuziangalia hatutozi.