Risala ya Waendesha Bodaboda kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Usalama Barabarani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa mtaa, afande wa trafiki uliyetufundisha wiki nzima kwenye jua hili, viongozi wetu wa dini, mabosi wenye pikipiki mliofika (na ambao hawajafika tumewaona), mama lishe wetu, wanachama wenzangu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wale wa kijiweni mambo vipi.

Mheshimiwa, tunaanza kwa kukushukuru kwa kuja wewe mwenyewe. Barua ya mwaliko tumeipeleka ofisini kwako zaidi ya mara moja na kila tukifika tunaambiwa uko kwenye kikao, kwahiyo wengi hapa walishajiandaa kumpokea mwakilishi, na wengine waliweka hadi dau. Umekuja. Hilo peke yake tumeshaliandika kwenye mafanikio ya mwaka huu.

Historia yetu ni fupi. Tulianza wachache chini ya mwembe, mwembe ukakatwa kupisha upanuzi wa barabara, tukahamia hapa stendi, tukaandika katiba, tukachagua viongozi, viongozi wakagombana, tukachagua wengine, ndo sisi tuliosimama mbele yako.

Kwenye mafanikio, mheshimiwa, umoja umetekeleza mradi mkubwa wa miundombinu ambao ni hicho kibanda cha mabati ulichokaa chini yake, pamoja na benchi la chuma ambalo tulilichomelea wenyewe. Pia tumeanzisha kanzidata ya wanachama, ipo kwenye kaunta buku anayotunza katibu msaidizi, ina jina la kila dereva, namba ya leseni yake, siku inayoisha, jina la bosi wake na namba ya chombo. Ukipoteza mzigo kwa bodaboda wa kijiwe hiki tunampata kabla hujamaliza kulia. Na sasa tumehitimu mafunzo, tumefundishwa leseni daraja A, mwendo usiozidi hamsini kwenye makazi, kusimama kwenye zebra hata kama anayevuka ni mtoto mmoja, kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria, na kuacha mishkaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Hapa kwenye mishkaki naomba tuwe wakweli, asubuhi ya shule mama ana watoto watatu na nauli ya mmoja, afande anasema mbebe mmoja, mama anasema basi naita mwingine, na huyo mwingine yupo. Lakini tumekubaliana na kijiwe kinatoza faini yake, tena kali kuliko ya serikali. Kwa ya serikali tunashukuru kweli, kwenye bajeti ya 2021 faini yetu ilishushwa toka elfu thelathini mpaka elfu kumi kwa kosa, ile ilikuwa ahadi iliyotoka mdomoni ikafika barabarani. Tunaitaja makusudi ili ijulikane kuwa zinazotimizwa tunazikumbuka pia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa naomba maji yako uyaweke pembeni kidogo maana tumefika kwenye kilichotuleta. Ni bima.

Kila pikipiki unayoiona hapa ina bima. Ukitaka kuhakikisha chukua simu yako sasa hivi, ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, weka namba ya usajili, utaona kampuni, utaona siku inayoisha, siku hizi ni stika za kielektroniki hakuna tena kubandika karatasi ya kununua gengeni. Ila bima hiyo ni ile ndogo, thedi pati, na ndo inayotakiwa na sheria. Inamlinda yule nitakayemgonga. Mimi niliyeshika usukani simo, na pikipiki yenyewe haimo, ikikunjika imekunjika. Kusema ukweli wengi wetu tulikuwa tunaikata kwa ajili ya trafiki tu, unalipa ili usisimamishwe, hakuna aliyekaa akasoma ile karatasi.

Tuliisoma siku mwenzetu mmoja alipoanguka. Alikuwa anarudi usiku kutoka kushusha abiria, kwenye ile kona ya barabara kuu ya Dar kwenda Morogoro pale kituo cha mafuta, mbuzi akakatiza, akamkwepa, akaingia kwenye kifusi ambacho mkandarasi alikiacha bila alama wala taa. Hakumgonga mtu. Hakugongwa na mtu. Paja likavunjika mara mbili na pikipiki ikaisha mbele kote. Tukachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukampeleka hospitali, akapewa rufaa, akawekewa chuma. Tukaenda ofisi ya bima na stika yetu tukiwa na matumaini makubwa, dada wa pale akatusikiliza kwa heshima zote alafu akauliza, aliyeumia ni nani? Tukamwambia dereva. Akauliza, aliyemgonga ni nani? Tukamwambia mbuzi, na mbuzi alishaondoka. Akaifunga faili.

Bosi naye hatumlaumu sana, mkataba unasema hesabu ya siku, hela ya kumpelekea yeye kila jioni mpaka pikipiki iwe ya dereva, na mkataba haujui mguu. Mwenzetu alikuwa amebakiza miezi michache pikipiki iwe yake. Ilivyotokea ikawa sio yake, na deni likabaki. Sisi tulipitisha helmeti yake mwenyewe hapa kijiweni, huyu elfu mbili, huyu elfu moja, ikazunguka na kwenye vijiwe vya jirani, ndo hela iliyolipa dawa na mlo wa watoto. Hiyo ndo bima yetu kubwa mpaka leo mheshimiwa, helmeti iliyogeuzwa juu chini.

Kuna jambo lingine lilitoka kwenye kuisoma ile karatasi. Baadhi ya mabosi, sitawataja na wengine nawaona wanacheki simu, wanakata bima ya pikipiki kama ya matumizi binafsi kwa sababu ni nafuu, huku kibao ni cheupe, cha biashara, na chombo kinabeba abiria kutwa. Siku abiria akiumia kampuni inauliza hii ilikuwa matembezi au biashara, na hapo mgogoro unaanza, abiria anamtafuta dereva, dereva anamtafuta bosi, bosi hapatikani. Hili tumeshaanza kulishughulikia wenyewe, kaunta buku sasa ina safu ya aina ya bima, na kuanzia mwezi ujao chombo chenye bima isiyo ya biashara hakipangi foleni hapa.

Basi tukasema twende tukatafute bima kubwa, inayolipa hadi pikipiki yenyewe, au angalau ile ya ajali binafsi inayomlipa dereva akiumia. Tumezunguka. Kampuni moja walisema bodaboda hawachukui kabisa. Nyingine wakasema wanachukua ila kwa masharti, chombo kifungwe kifaa cha kukifuatilia, pikipiki iwe mpya, na bei aliyotaja yule kijana katibu msaidizi alimwomba airudie akidhani amesikia vibaya. Tukauliza kwanini iwe hivyo, akatueleza vizuri tu bila dharau, kwamba wao bei wanapanga kwa kuangalia kundi linaanguka mara ngapi, na bodaboda kwa jumla wake ni kundi la hatari. Asiyekunywa, asiyekimbia, asiyebeba mishkaki, analipa bei ya yule anayepita taa nyekundu na viatu vya kandambili. Mwenye gari akikaa mwaka bila kudai anapunguziwa akirudi kukata tena, sisi hakuna wa kutupunguzia kwa sababu hakuna aliyetuandika kwamba hatukudai.

Lakini alisema neno moja ambalo tumelishika. Mkija kama kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti, chenye orodha ya madereva na leseni zao, na kumbukumbu ya ajali zenu, tunaweza kukaa mezani. Mheshimiwa, orodha tunayo. Usajili tunao. Akaunti tunayo, ina hela kidogo ila ipo. Kumbukumbu ya ajali tumeanza kuandika, hata mtu akiteleza tu kwenye matope tunaandika. Kinachokwama ni viwili. Kwanza mezani penyewe hatujafika, ukienda kijana wa bodaboda na kaunta buku kwapani unaishia mapokezi. Pili bima kwa sheria yetu hailipwi kidogo kidogo, unalipa yote ndo unaanza kulindwa, na sisi maisha yetu ni ya hesabu ya siku, tunaweza kutoa kila jioni bila shida ila sio kutoa ya mwaka mzima asubuhi moja.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni moja lenye miguu miwili. Utuitie kikao, wewe ukiwa kwenye kiti, wawepo watu wa TIRA wa kanda, kampuni za bima zinazotaka, LATRA wanaodhibiti usafiri wa nchi kavu, trafiki na afisa maendeleo ya jamii. Na kwenye kikao hicho halmashauri ikubali sehemu ya ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, fungu la vijana, ilipe bima ya kikundi kwa mwaka wa kwanza kama mkopo, sisi turejeshe kila jioni hapa kijiweni kupitia kwa mweka hazina. Mikopo hii kila siku inatoa pikipiki mpya kwa vijana, hatujawahi kusikia imetoa kinga ya huyo kijana anayepewa pikipiki.

Tunaongea hivi kwa heshima, lakini tukikuficha tutakuwa hatujakutendea haki. Mgeni rasmi wa kabla yako alisimama hapo hapo ulipo akasema suala la bima niachieni mimi, tukapiga makofi mpaka mikono ikauma, tukapeleka paspoti saizi na nakala za vitambulisho kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikapokelewa. Aliyemtangulia alituahidi rifleekta, zikaja chache tukapigana nazo picha. Maombi yetu ya mkopo nayo yalikuwa ndani mikopo iliposimamishwa 2023, iliporudi 2024 tukaambiwa fomu zimebadilika tuandike upya, tukaandika upya, sasa tunaambiwa zinashughulikiwa. Hatumsemi mtu. Tunaomba tu kujua bahasha ya kaki iko meza gani, kwa sababu zile paspoti tulilipia.

Maombi mengine ni madogo na yanaweza kusubiri, kile kifusi pale kona kiondolewe au kiwekwe alama kabla ya mvua, na zebra ya shule ya msingi ipakwe rangi, rangi tutatoa wenyewe tukipewa kibali.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wali umeiva na najua una ratiba nyingine mchana. Mwenyekiti ana karatasi ya mwaliko wa hicho kikao tumeshaichapa, majina ya waalikwa yapo, mahali papo, sehemu ya tarehe na ya saini yako tumeacha wazi. Tunaomba uijaze kabla ya kukabidhi vyeti, kalamu ipo pembeni ya maua.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wote wa kijiwe cha stendi