Fidia ya mume wangu imekataliwa, nifanyeje nikate rufaa?

Assalamu alaykum ndugu mshauri,

Naandika kutoka wilaya ya Mkoani, Pemba. Mume wangu ni mchumaji wa karafuu. Vuno lililopita tawi lilimkatikia akiwa juu kabisa ya mkarafuu, akaangukia mgongo. Tangu siku ile hata kidole cha mguu hakitikisiki. Anatumia mpira wa mkojo, na usiku naamka kumgeuza upande huu na upande ule asipate vidonda vya kulalia.

Huku kwetu inajulikana kwamba anayeanguka mkarafuu ana fidia yake. Nikajaza fomu, nikatia barua ya sheha, maelezo ya mtu aliyekodi shamba alilokuwa akichuma, na karatasi ya hospitali. Jawabu likaja kwamba ombi limekataliwa: ulemavu wa kudumu haukuthibitishwa, na taarifa ilichelewa.

Hilo la ulemavu ndilo linaloniuma. Karatasi niliyopeleka iliandikwa wiki ileile ya ajali. Daktari aliandika kuwa uti wa mgongo umevunjika na mgonjwa anaendelea na matibabu, basi. Angeandika nini chengine, na wakati ule hakuna aliyejua kama atasimama tena? Baadaye alipelekwa Unguja, Mnazi Mmoja, na huko daktari alitwambia kwa mdomo kuwa miguu haitarudi. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa tarehe ya kliniki na dawa tu. Kwa hivyo aliyekaa ofisini akasoma, kasoma habari za mtu anayetibiwa. Hakumuona huyu ninayemlisha na kumuogesha.

Na huko kuchelewa, alikuwa wodini Unguja na mimi niko naye. Ningemwachia nani nivuke bahari kuja kujaza fomu?

Jirani katushauri tuombe Pensheni Jamii. Hiyo ni ya waliotimiza miaka 70. Mama mkwe anaipata, shilingi 50,000 kwa mwezi, na kwa sasa ndiyo pesa pekee ya uhakika humu ndani. Mume wangu hajafika hata miaka 45, na watoto wako skuli.

Mwenyewe ameshakata tamaa, ananiambia niache nisije nikaonekana mgomvi. Siachi. Amechuma tangu kijana, na karafuu hizo ndizo zinazotajwa kila mwaka kuwa uchumi wa Zanzibar.

Ninachoomba kujua ni hiki. Barua ya kukataliwa haikusema rufaa inapelekwa kwa nani wala mwisho wake lini. Niwaandikie kwanza kuwauliza, au nipeleke rufaa moja kwa moja nibakishe nakala yenye muhuri wa kupokelewa? Ripoti mpya ya daktari inatosha ikisema hatatembea tena, au lazima itaje asilimia ya ulemavu? Barua ya kulazwa na ya kuruhusiwa zitakubaliwa kuwa ushahidi wa kuchelewa? Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Chake Chake, na shehiani kwetu yuko msaidizi wa sheria. Nianze kwa nani kati yao? Na wakitaka apimwe upya na madaktari, naweza kuomba waje nyumbani? Kumpandisha boti tena mtu asiyeweza kukaa ni kumtesa.

Mke wa mchumaji,
Mkoani, Pemba