Mwamba wa ngoma si jiwe

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa methali mmeandika kwamba "Mwamba ngoma huvutia kwake" inamsifu mtu mgumu kama jiwe, asiyeyumbishwa na kelele za wengine. Sivyo. Mwamba huyo ni mtu anayewamba ngoma: ngozi imelowekwa, imetandazwa juu ya mdomo wa mzinga, naye anaivuta ikaze kabla haijakauka. Kila avutapo, ngozi huelekea upande wake. Ndiyo maana methali hiyo hutupiwa mtu anayegawa mali au vyeo huku akijipendelea. Ni lawama, na kali.

Najua kilichowaponza. Hapa Goma mtu akitaja mwamba, macho hukimbilia chini. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na mpaka leo tunaipasua tujengee kuta na nyuzio. Kuna viwanja ambavyo shimo la nguzo halichimbiki. Nyumba ya mbao inakalishwa tu juu ya mawe.

Lakini inueni macho kidogo. Ule mti unaolazwa juu ya vichwa vya nguzo ili kubeba makombamoyo, ile miti ya mteremko wa paa, nao ni mwamba. Mafundi wengi wa hapa huuita kwa Kifaransa, kama walivyofundishwa kazini, na sigombani nao. Ila mimi naona mwamba huo una udugu na ngoma kuliko na volkano, kwani kuwamba ni kutandika kitu juu ya kingine kikashika. Kitanda cha kamba huwambwa. Ukuta wa fito na udongo, ambao mjini hapa umekuwa adimu, huitwa kiwambaza. Hata ile ngozi nyembamba ndani ya sikio inaitwa kiwambo, nayo hutetemeka kama ngozi ya ngoma.

(Vijana wanaoitana "mwamba" kwa mtindo wa Tanzania, hao ni wa jiwe. Waacheni.)

Anayetaka kuhakikisha kwamba mwamba wa methali ni mtu na atazame wingi: ya lava ni miamba, ya paa ni miamba, lakini wanaovuta ngozi ni wamba ngoma.

Naomba maelezo ya methali hiyo yaandikwe upya toleo lijalo. Na ile picha ya mlima mliyoibandika pembeni, iondoeni muweke ngoma.

Msomaji wenu,
seremala mstaafu, Majengo, Goma