Mheshimiwa Waziri, tuwekee kibao kwenye ukuta wa Islii

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka upande huu wa Juja Road.

Mimi ni mwalimu wa Historia, na shule yetu iko karibu na kambi ya wanahewa ya Moi kiasi kwamba ndege ikipaa inanibidi ninyamaze. Nimezoea. Nasimama na chaki mkononi, wanafunzi wanainua nyuso kutazama mabati, ngurumo ikiisha tunaendelea pale tulipokatizwa. Muhula uliopita tulikuwa tukisoma hali ya hatari ya 1952, ndege ikapita, na msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, hapo ndani palikuwa na nini kabla ya wanajeshi?"

Nikamwambia palikuwa uwanja wa ndege wa abiria. Uwanja mkuu wa Nairobi, tena. Darasa zima likaangua kicheko. Kwao Islii, yaani Eastleigh, ni maduka, nguo za jumla na matatu namba 6. Uwanja wa ndege uko Embakasi, umekuwa Embakasi tangu dunia iumbwe.

Sikuwalaumu. Nimeuzunguka ukuta huo miaka mingi, na kwa upande wa barabarani sijaona neno hata moja linalomweleza mpita njia alichokuwa akikikuta mtu hapo mwaka 1950. Ndiyo sababu nakuandikia wewe, mwenye ufunguo wa lango.

Niseme mapema kwamba sidai jeshi liliwapora raia uwanja. Wanahewa wa Uingereza walikuwa hapo tangu enzi za Vita vya Pili vya Dunia, na kwa miaka mingi abiria na wanajeshi walitumia njia moja ya kurukia. Njia yenyewe ilikuwa ya changarawe nyekundu. East African Airways, kampuni ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilianza kazi mwaka 1946 ikiwa na ndege sita aina ya Dragon Rapide: mbao na kitambaa, bawa juu na bawa chini, abiria wanane hivi wamebanana ndani. Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari ya kitambaa, kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha mara ya kwanza.

Tarehe 1 Februari 1952 ndipo aliposhuka Elizabeth, bado binti mfalme, kutoka kwenye ndege ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliyoitwa Atalanta. Siku tano baadaye baba yake akafariki, naye akaondoka Kenya akiwa malkia, ila hakurudi kupitia Eastleigh. Alipandia Nanyuki hadi Entebbe. Hata Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria, ilipoanza safari za London hadi Johannesburg mwezi Mei mwaka huohuo, ilitua Entebbe na kuiacha Nairobi kando. Nawakumbusha Waganda hili kabla wao hawajanikumbusha.

Kama kibao kitawekwa siku moja, nahofia kitaishia kwa binti mfalme. Ndiyo habari rahisi, ina picha nzuri na haimuudhi mtu. Lakini mwaka huohuo, usiku wa tarehe 20 Oktoba, zilitua ndege zilizobeba askari wa kikosi cha Lancashire Fusiliers kutoka Misri. Hali ya hatari ikatangazwa, na Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Kuanzia 1953 mpaka 1955 ndege za Lincoln, zile kubwa za kuangusha mabomu, zilikuwa zikipaa kutoka Eastleigh kwenda kuipiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Yaani uwanja ambao mtu alikuwa akiendea kumpokea shangazi yake kutoka Mombasa ndio huohuo yalikotoka mabomu.

Kuna jambo moja ambalo kila mwaka nikilifikia darasani huwa nashusha sauti bila kukusudia. Uwanja mpya wa Embakasi, uliofunguliwa 1958 na kuwaondoa abiria Eastleigh, ulijengwa kwa jasho la wafungwa na mahabusu wa Mau Mau, maelfu yao, kwa sururu na karai. Wenzao waliangushiwa mabomu na ndege zilizopaa kwenye uwanja wa zamani, na wao wakachimbishwa uwanja uliochukua nafasi yake. Anayetua JKIA, kama Embakasi inavyoitwa sasa, usiku huu akitoka Dubai anakanyaga kazi yao, na hajui.

(Na Embakasi nayo imefuata njia hiyohiyo. Jengo la kwanza la abiria, upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, nalo liko mikononi mwa wanahewa. Nadhani nyinyi jeshini mna bahati ya kurithi viwanja.)

Baada ya abiria kuhama, mengine ni ya kwenu na mnayajua kuliko mimi. Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, na Eastleigh ikawa kambi yake. Tarehe 1 Agosti 1982, asubuhi ya Jumapili, baadhi ya wanahewa wakajaribu kuipindua serikali. Jaribio likashindwa, na kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, akatorokea Tanzania kwa ndege ya jeshi. Kikosi kikavunjwa, kikaitwa Kikosi cha Wanahewa 82, na jina la awali halikurudi mpaka 1994. Mitaa hii ina wazee wanaoukumbuka mlio wa risasi wa siku hiyo, lakini ukiwauliza wanaanza kuzungumzia bei ya sukari.

Ombi langu si kubwa. Siombi lango lifunguliwe, wala sihitaji kujua mna ndege ngapi. Naomba kibao, upande wa nje, kwa urefu ambao mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, na Kisomali pia, tukiwa wakweli kuhusu wanaopita hapo. Kiseme East African Airways, kiseme binti mfalme, halafu kiseme Lincoln, Embakasi na 1982. Msipoweza kuyataja yote, mkiache.

Na kama ndani kuna picha au madaftari ya siku za abiria, nakala zake zipelekwe Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ambako mwalimu anaweza kwenda Jumamosi kwa kitambulisho chake bila kumwandikia Waziri barua.

Yule msichana wa dawati la nyuma yuko kidato cha nne sasa. Kutoka darasani kwetu mpaka ukutani ni mwendo wa dakika kumi, na hatuhitaji basi. Tupe tarehe tu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Historia,
Eastleigh, Nairobi