Vyuo viwape kazi za saa wanafunzi wasiotoshelezwa na mkopo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha sita huniuliza kila mwaka: je, mtu anaweza kusoma chuo kikuu kwa mkopo huku akifanya kazi? Huwa nasita kuwajibu, kwa sababu mimi nilifanya hivyo na nayajua machungu yake.

Wasio na mtoto chuoni hudhani kwamba aliyepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu amemaliza shida zake. Ukweli ni kwamba Bodi hupima uwezo wa kila mwombaji, na wengi hupewa sehemu tu ya wanachohitaji. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita boom, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023, na nyongeza ile ilikuwa ya haki. Lakini mkopo ukilipa nusu ya ada, nusu iliyobaki inamsubiri mzazi ambaye alizeti yake imekauka shambani. Na kwa kuwa anayedaiwa ada anaweza kuzuiwa kufanya mtihani, boom iliyokusudiwa kununua chakula huishia kwenye ada, na mwanafunzi hushinda kwa mlo mmoja. Wanaosema vijana huichezea kwa simu na nguo waende wakatazame foleni ya ofisi ya uhasibu wiki moja kabla ya mitihani.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilipata kazi katika kibanda cha wakala wa fedha za simu, nje ya lango la chuo, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku. Mwenye kibanda alikuwa mtu mwema, ila hakuwa na mwingine wa kumwachia fedha. Siku moja kipindi cha asubuhi kilihamishiwa jioni kwa tangazo lililobandikwa mchana, na katika kipindi hicho likatolewa jaribio. Mimi nilikuwa kibandani. Alama zangu za muhula zikashuka, nikaangukia mtihani wa marudio, yaani sapu, nikarudi chuoni kuufanya kwa nauli ya kukopa. Siijutii kazi ile, maana ndiyo iliyonimalizia ada. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba chuo hakikujua kuwa ninafanya kazi, wala hakikuwa na mahali pa kunisikiliza.

Kwa hiyo naomba vyuo vyetu vitenge kazi za saa ndani ya kampasi kwa wanafunzi wenye mkopo pungufu, zipangwe kufuata ratiba ya vipindi, na ujira uelekezwe kwanza kwenye ada wanayodaiwa. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta, vya majirani zetu, vina utaratibu wa namna hiyo, na nchini Marekani serikali imekuwa ikichangia ujira wa kazi kama hizo tangu mwaka 1964. Sipendekezi tuwanyang'anye riziki akina mama wanaofagia kampasi. Nazungumzia kurudisha vitabu kwenye rafu, kusimamia vyumba vya kompyuta jioni, kuandaa vifaa vya maabara, na kusaidia usajili wa mwaka wa kwanza, kazi ambazo zina misimu yake na ambazo mwanafunzi huzielewa haraka.

Wapo watakaosema njia rahisi ni kuongeza mkopo. Mimi bado nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Silalamikii kulipa, kwa kuwa fedha hiyo inamsomesha mwanafunzi niliyemfundisha mwaka jana, na nilifarijika sana Mei Mosi ya mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilivimbisha deni langu mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, kila shilingi inayoongezwa kwenye mkopo humfuata kijana hadi kazini, na siku hizi wengi huisubiri kazi hiyo kwa miaka. Ujira wa saa 10 kwa wiki hauachi deni lolote.

Nawaomba makamu wakuu wa vyuo waanze na maktaba peke yake, kwa muhula mmoja, kabla ya wanafunzi wapya kuripoti. Nina vijana 14 wanaotarajia kuomba mkopo mwaka huu, na ningependa mmoja wao aniandikie kwamba amepata kazi inayomwachia muda wa kufanya majaribio yake.

Mwalimu wa sekondari,
Singida.